Ng'ombe wa Watu Katika Fahirisi

Siku niliporipoti kwa mara ya kwanza katika ofisi ya utafiti mjini Singida, Mtakwimu Mwandamizi aliitikia shikamoo yangu kwa swali.

"Marahaba. Umaskini una kilo ngapi?"

Nilinyamaza.

"Vizuri. Wenzako hujibu."

Ndipo akanifundisha fahirisi, yaani kipimo kimoja kinachojengwa kwa vipimo vingi. Unachagua viashiria: paa, chakula, umbali wa maji, mifugo. Kwa kuwa kilomita hazijumlishwi na ng'ombe, kila kiashiria hugeuzwa kuwa alama kati ya sifuri na moja, hupewa uzito kulingana na umuhimu wake, kisha alama hujumlishwa. Ni kazi safi, ilimradi kila kiashiria kipime kile unachodai kinapima.

Miaka ya baadaye, chini ya Mratibu wa Utafiti, mama asiyependa porojo, fahirisi yetu ilitumika kuchagua kijiji cha kuchimbiwa kisima. Kijiji kimoja jirani na msitu wa Mgori, ambako akina mama walichota maji korongoni, kilitokea miongoni mwa matajiri. Kilichokipandisha ni ng'ombe.

"Dereva wetu anasema wale ng'ombe si wa pale," nilimweleza.

"Dereva anasema! Basi tumpe yeye kalamu. Nenda kaulize wenyewe."

Alikuwa na haki. Uvumi si takwimu. Nikaenda, nikamkuta mzee mmoja mbele ya zizi lililojaa.

"Shikamoo, mzee. Hawa wote ni wako?"

"Marahaba. Wananitii, lakini ni wa shemeji yangu wa Ihanja. Mimi nakamua na kuzoa samadi."

"Ukitaka kuuza mmoja?"

"Labda nihamie msituni!"

Mkewe aliangua kicheko. "Na huko nani atakupokea?"

Desturi ya kutunziana mifugo niliijua tangu utotoni. Dodoso letu halikuijua. Tulirudi katika vijiji vyote, maana huwezi kumpima mmoja kwa kamba na mwingine kwa macho, tukauliza: "Ng'ombe wangapi unaweza kuuza bila kuomba ruhusa?" Maziwa na samadi tulivipa kiashiria chao, chenye uzito mdogo.

Kijiji kikaporomoka hadi mkiani, nasi ofisini tukashangilia. Kisima kikachimbwa.

Sasa nimestaafu, naishi Unyambwa. Vijana hunijia na kompyuta zinazokokotoa kwa dakika moja kazi yetu ya wiki nzima, nami huzifurahia. Ila huniambia pia kwamba maji ya kisima kile ni matamu kuliko yote mkoani. Si kweli. Nimeyanywa: yana chumvi kidogo. Nikaomba kikombe cha pili.