Mpira wa Wazee

Waafrika waliporuhusiwa kupiga kura kwa mara ya kwanza, kijijini kwetu karibu na Ruiru nilikuwa kijana pekee mwenye kura. Kwetu ilibidi kwanza upate cheti cha utiifu kwa serikali, na wazee ndio waliokudhamini. Baba yangu alikuwa homugadi, akilinda kijiji upande wa serikali dhidi ya wapiganaji wa msituni, kwa hiyo mimi nilidhaminiwa bila hata kuomba. Tangu hapo hakuna kijana aliyeketi nami.

Aliyeniuma zaidi ni mwenzangu tuliyetahiriwa naye siku moja. Mtu wa namna hiyo kwetu ni zaidi ya ndugu, lakini akiniona njiani alivuka upande wa pili. Nilikuwa mpweke, sifichi. Mchana nilifundisha, jioni nilikula ugali nikitazama ukuta.

Chama cha wazee, ambacho hakikuwa na ruhusa ya kuitwa chama kwa kuwa serikali ilikataza vyama kwetu, kiligundua kwamba wafuasi wake wote wana mvi. Mwenyekiti akaniita.

"Atiriri, hebu nisikilize, mwalimu, vijana wanapenda nini?"

Nikamjibu kwamba wanapenda mpira, na wanapenda kusikilizwa. La pili hakulisikia.

Nikatumwa Thika kwa baiskeli, nikanunua mpira wa ngozi kwenye duka la Mhindi. Njia nzima niliwaza jambo moja tu, kwamba mwenzangu akija uwanjani huenda akanipasia.

Wazee wakaitisha mkutano pale shuleni nilipofundisha, na vijana wengi wakaja. Mwenyekiti aliuweka mpira chini ya kiti chake, akahutubu juu ya shukrani mpaka watu wakaanza kusinzia. Mwenzangu akasimama.

"Mzee, na sisi mtatudhamini lini tupate kura?"

"Wewe umetoa mbuzi gani," mwenyekiti akamwuliza, "hata uongee mbele ya wazee?"

Ni kweli, kwetu mtu haingii baraza la wazee kabla ya kutoa mbuzi wake. Lakini hawa hawakuomba uzee. Waliitwa kwa sababu ni vijana! Nilitamani kusema hivyo, ila hata mimi sikuwa nimetoa mbuzi.

Vijana hawakubishana. Waliupokea mpira kwa mikono miwili, wakashukuru, wakateremka uwanjani. Nikavua viatu nikawafuata. Mwenzangu ndiye aliyekuwa akigawa timu, huyu huku, yule kule, mpaka nikabaki peke yangu katikati.

"Wewe tumewaachia wazee," akasema, bila hasira yoyote. Afadhali angenitukana.

Siku ya kura nilipanga foleni na wazee na fimbo zao. Mwenyekiti akageuka.

"Mwalimu, vijana wako wapi?"

Kutoka uwanjani tuliwasikia wakiitana. Nikamwambia wanacheza na mpira wake.

"Basi wako na sisi," akasema kwa furaha, akanipisha nitangulie. Nilisogea mbele polepole, nimetega sikio, nikiitafuta sauti ya mwenzangu kati ya zile zote.