Papa Anakula Kitanda

Bulletin, karatasi ya matokeo ya binti yangu wa darasa la tano, ilifika nyumbani ikiwa nyekundu kuliko pilipili zote za soko la Uvira. Kifaransa: arobaini na tisa juu ya mia. Kwa pointi moja iliyokosekana angerudia mwaka.

Minye sikukubali. Mwezi wa tisa, mwaka wa shule ulipoanza, mtoto huyu alisoma Kifaransa kama mtu anayechambua mawe katika maharagwe. Mwezi wa sita alikuwa anamsomea bibi yake karatasi za hospitali na kumweleza yote kwa Kiswahili, bila hata kupumua. Sasa pointi hizo zilimpima nani?

Nikafungua daftari lake la dikte, imla ile ya mtihani. Mwalimu alikuwa amesoma hivi: mama anatayarisha wali, wali ni wa moto, papa, yaani baba, anakula wali. Wali kwa Kifaransa ni “riz”, husomwa “ri”. Binti yangu ameandika “lit” mara tatu, husomwa “li”, maana yake kitanda. Papa anakula kitanda! Nilicheka mpaka mtaa wetu wote wa Songo ukajua.

Kisha kicheko kikaniishia. Kwetu R na L ni mapacha. Minye niliyepata diploma kwa masomo ya jioni, mvi kichwani, niliandika makosa ya namna hiyo ya kujaza mtumbwi.

Kesho yake tukaenda wawili shuleni.

“Mwalimu, tafadhali, utusomee tena sentensi ya kwanza.”

Akasoma. Nikamgeukia binti: “Mama, umesikia nini?”

“Kitanda, papa.”

Mwalimu akasoma tena, polepole, akakwama mwishoni. Alikuwa amejisikia mwenyewe.

“Kumbe ninasema li,” akasema, kama mtu aliyekuta unywele katika chakula chake. “Huyu aliandika nilichosema.”

“Na weye,” nikamuuliza binti, “papa kula kitanda, haikukushangaza?”

“Ilinishangaza. Lakini ni Mwalimu alisema.”

Mwalimu akacheka hadi akavua miwani. Akafuta mistari mitatu myekundu, akajumlisha upya, akaandika hamsini na mbili: anapanda darasa la sita. Kisha akavuta rundo la madaftari ya wengine. Nusu ya darasa walikuwa wamekula kitanda. Akachukua kalamu, akaanza na la juu.

“La rafiki yangu liko kule chini, Mwalimu,” akasema binti, akasogeza kiti.