Siku Niliyomkimbia Mama Mkwe Mtoni

Nimekataa kusimulia habari hii miaka mingi, lakini kwa vile mmeshanichokoza, na nusu yake mnaijua (ile nusu ya suruali, najua ni nani aliwaambia), heri niimalize mwenyewe nipumzike. Nilikuwa mjinga. Tuanzie hapo.

Ilikuwa wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya vita vya Mau Mau, mimi kijana niliyetoka Maragoli kuja kuanika kahawa kwenye shamba la mzungu mmoja pale Ruiru, kazi ya kugeuza kahawa juani kuanzia asubuhi mpaka mgongo unasahau kunyooka, na mwaka ule nikapewa likizo ya siku tatu za Pasaka. Siku tatu! Nilichotaka ni kulala tu. Lakini nilikuwa nimeposa Jerida, Mmaragoli mwenzangu aliyekulia Thika, baba yake fundi wa kiwandani, wazee wameshakubaliana, imebaki harusi ya Agosti, kwa hivyo kanisa letu lilipopanga twende tukale Jumatatu ya Pasaka kando ya Mto Chania, ningekataaje? Nikaazima suruali nzuri ya kijivu kwa Shem, rafiki yangu tuliyekaa naye chumba kimoja, tukaenda.

Sasa nyinyi wa siku hizi mnakula na mama mkwe sahani moja mkicheka. Kwetu haikuwa hivyo. Mkwe humtazami usoni, humpi mkono, ukimwona njiani unaingia kichakani na yeye akikuona anaingia kichaka cha upande ule mwingine. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima, na ukimgusa ni balaa, wazee wanaitwa. Nilipofika mtoni nikaona kitambaa cha kichwa cha rangi ya chungwa katikati ya akina mama waliokuwa wakipika, na Jerida akaninong'oneza, "Mama amekuja. Tafuta pa kukaa."

Nikatafuta. Katikati ya mto palikuwa na kisiwa kidogo, upana wa nyumba mbili hivi, vichaka na mti mmoja, na maji ya kuvuka yalifika magotini tu. Nikasema likizo yangu iko pale. Nikavua suruali ya Shem isilowe (shati langu lilikuwa refu, msianze), nikavuka, nikaitundika kwenye tawi la chini lililoinamia maji, nikajitupa kwenye nyasi. Nililala, jamani! Nililala usingizi wa mwaka mzima.

Nikaamshwa na kelele. Watu wote wako ukingoni wanapunga mikono, na mto umegeuka udongo mtupu, unavuma, umebeba magogo na migomba mizima mizima, na sisi pale hatukuwa tumepata hata tone, kumbe mvua ilikuwa imenyesha huko juu milimani. Suruali ya Shem haipo. Nikageuka nitafute fimbo, nikaona kitambaa cha rangi ya chungwa nyuma ya kichaka.

Mama wee! Kumbe Mama Jerida naye aliniona nikifika, akabeba chakula chake akavukia kisiwani kwa upande wa juu ili anipishe ukingoni. Tulikimbiana mpaka tukakutana.

Basi tukapeana mgongo, mimi navuta shati chini kwa mikono miwili, yeye amejifunika uso kwa leso. Na kwa kuwa haifai kusema naye, nikauambia ule mti, "Wewe mti, mwambie aliye nyuma yangu asogee huku, maji yanapanda."

Halafu nikasikia, "Mti, mwambie huyo kijana avae kwanza."

Nikauambia mti nguo imeenda na maji. Kule ng'ambo kwaya nzima ya kanisa inatutazama (wengi walicheka, Shem hakucheka).

Lakini maji hayajui mkwe ni nani. Kila nikitazama chini kisiwa kimepungua, tunarudi nyuma hatua moja, tunarudi nyingine, mpaka migongo yetu ikatenganishwa na shina la ule mti peke yake. Baba Jerida na wanaume wengine wakarusha kamba ya katani, mara ya tatu nikaidaka nikaifunga kwenye shina. Mama hajui kuogelea, namsikia anaomba kwa lugha yetu akitaja watoto wake mmoja mmoja. Niliogopa vibaya. Nikimgusa mbele ya watu wote hawa harusi yangu imekwisha, nisipomgusa atakufa.

"Mti," nikaanza, kisha nikachoka na mti. "Mama, panda mgongoni."

Akapanda. Tulivuka nimeshika kamba, maji kifuani, amenikaba shingo mpaka pumzi inakata, na tulipotoka upande wa pili shati lilikuwa limepanda hadi kwapani. Msiniulize zaidi. Jerida akanirushia leso yake nikajifunga, na ndivyo nilivyorudi Ruiru mbio mbio kabla ya kafyu, nimevaa leso ya maua. Askari wa kizuizi cha barabarani akatazama kibali changu, akanitazama mimi, akasema, "Pita tu."

Wiki mbili baadaye wazee wakakaa Thika. Nilienda na kondoo wa kutakasa jambo lile, tayari kupiga magoti. Lakini Mama Jerida aliingia mwenyewe, uso wazi, akaja moja kwa moja akanipa mkono, akaketi karibu nami.

"Huyu sitamkimbia tena," akasema. "Nimemwona alivyozaliwa, na amenibeba mgongoni nisife. Huyu si mkwe. Huyu ni mtoto wangu."

Wazee wakaitikia kwa furaha, mmoja akaniombea baraka. Na mimi, mjinga, nikacheka nao, mpaka nilipomwona Jerida mlangoni ameweka mikono kichwani. Mtoto wa mama haoi binti wa mama.

Hakuna aliyenikasirikia, na hilo ndilo lilinichosha kabisa. Mwaka uliofuata Jerida akaolewa na mwalimu mmoja, mtu mzuri, sina neno naye. Sanduku la nguo zake nililibeba mimi mpaka kwa bwana wake, kwa sababu hiyo ni kazi ya kaka, na mama akanifunga tai kwa mikono yake akinisifu kwa wageni.

Niliapa siku hiyo kwamba mkwe mwingine akija upande wangu nitakaa pale pale nilipo, wazee wanitoze watakavyo. Jerida bado ananiita kaka, na mimi huitika.