Abiria Wasioshusha Springi

Uniulize utakalo, nitakujibu, maana nilikuwepo. Nilikaa ndani ya gari hilo, na mkono wangu wa kushoto uligusana na mkono wa mtu ambaye hakuwa mtu. Tena yalitokea mchana, watu wakirudi kutoka swala ya alasiri. Wanaosimulia mambo ya usiku wa manane huniudhi. Usiku hata gunia la makaa huonekana jini.

Ilikuwa Bujumbura, miaka ya vita. Tulikaa Buyenzi, mtaa ambao kila ua una injini iliyofunguliwa na kila mtoto anajua kunusa oili. Mara ya mwisho risasi zilipoanza kulia upande wetu, nilimbeba mama mkwe wangu kwa toroli la saruji. Miguu yake ilikuwa imekwisha nguvu. Watoto wangu watano walinishika nguo, huku na huku, nami nasukuma. Gurudumu likakwama mtaroni, na yule mama akaniambia, "Binti yangu, niache hapa, peleka watoto." Sikumwacha. Lakini tangu siku hiyo nilikuwa na neno moja tu mdomoni: gari.

Nilitaka jipu la familia, lile refu la milango mitano, linaloweza kumlaza mzee nyuma na kupita kwenye mashimo bila kumvunja kiuno. Lililotumika, kwa sababu sisi si mawaziri. Na liwake siku litakapotakiwa kuwaka. Mengine yote ni mapambo.

Mume wangu alikuwa baharia wa meli za mizigo, kati ya bandari yetu na Kigoma. Kwa kuwa hakuwepo, alimwachia mdogo wake Sadiki kazi ya kuchagua, kwa hoja kwamba gari ni jambo la wanaume. Sadiki alikuwa mwanaume wa aina gani? Alikuwa wa aina ile inayochagua gari kwa kutazama uso wake mwenyewe kwenye rangi ya mlango.

Tukaenda kwenye uwanja mmoja karibu na bandari, ambako magari yalipangwa kando ya ukuta wa ghala. Komisioneri wa pale, yaani yule anayekutafutia gari kisha anakula pande zote mbili, tulimwita Garanti. Hilo ndilo neno alilokuwa akiuza, dhamana ya mdomo. Magari yalikuwa kisingizio tu. Alivaa viatu vyeupe mahali penye tope la oili, na hilo peke yake lingetosha kumjua.

"Shefu, ona hii," akamwambia Sadiki. "Bluu ya ziwa. Hii apana gari, hii ni bibi arusi. Garanti!"

Lilikuwa jipu la bluu, linang'aa kama sahani iliyotoka dukani. Sadiki alisimama mbele ya mlango akajirekebisha kola. Nikajua tumekwisha.

Sasa nikufundishe kidogo, na usione aibu kama hujui. Hakuna aliyezaliwa akijua. Ukifika kwenye gari lililotumika, kabla hujasalimiana na muuzaji, weka kiganja juu ya boneti. Kama ni ya moto, amekwisha kuliwasha ili usione linavyohangaika kuwaka. Inua zulia la miguuni, utazame kutu. Shika kitambaa cheupe nyuma ya ekzosi. Haya yote nilifanya. Boneti ilikuwa baridi, zulia safi, kitambaa kikatoka na doa dogo tu. Gari likawaka mara moja. Nakiri, moyo wangu ulianza kulegea.

Jambo la mwisho ni springi. Sisi Buyenzi hatusukumi pembe ya gari kwa mkono kama wanavyofanya watu wa mjini. Tunalipakia watu. Unaita yeyote aliye karibu, wapita njia, jamaa za muuzaji, wanaokaa kivulini, unawaambia ingieni, kisha unachuchumaa nyuma na kuangalia linashuka kiasi gani. Hakuna anayekataa, ni burudani ya bure. Na hakuna anayewauliza majina, maana kwa dakika hizo ni uzito tu. Tunawatumia kama magunia.

"Leteni watu," nikasema.

Hata kabla sijamaliza wakaja wanne. Mwanaume wa makamo mwenye koti, mwanamke aliyejifunga kitenge na kukumbatia kikapu, na vijana wawili, wanawe kwa sura, mmoja wa kike na mmoja wa kiume. Sikuona walikotoka. Mwanaume akaenda moja kwa moja kiti cha mbele. Mlango wa nyuma ulikuwa na kitasa kibovu, Garanti mwenyewe alikuwa ameshindana nacho mpaka akatokwa jasho. Yule mwanamke akakivuta juu, akasukuma kwa bega, mlango ukafunguka. Wakaingia, kila mmoja mahali pake, bila kupishana wala kuulizana.

Hatukuwasalimia. Katika mji ambao hata mbuzi wa jirani unamjulia hali, hatukuwasalimia.

Sadiki akachuchumaa nyuma. Akapiga kofi.

"Shemeji, njoo uone! Watu wanne, na halikushuka hata kidogo! Hizi springi ni chuma cha reli!"

"Garanti," akasema Garanti.

Nikaona kweli halikushuka. Matairi yalikaa vile vile, kana kwamba hakuna aliyepanda. Nikasema basi niingie na mimi, kwani siku ya siku ndimi nitakayekaa na mzee. Nikaweka mguu mmoja tu. Gari likainama upande wangu likalia kwiii.

Sadiki alicheka mpaka akashika magoti. "Shemeji! Kumbe mzigo ni wewe!"

Unaona akili ya mtu yule? Watu wanne wamekaa na gari halijasikia, mwanamke mmoja akaweka mguu likainama, na yeye akahitimisha kwamba mimi ni mnene. Ni kweli mimi si mwembamba. Lakini je, wale wanne walikuwa karatasi?

Nikakaa pembeni ya yule mwanamke. Mkono wangu ukagusa wake. Niamini, ulikuwa baridi kama ukuta wa kisima, na haukurudi nyuma kama mkono wa mtu unavyorudi. 

Hakunigeukia. Akasema polepole, "Munanunua?"

"Tunaangalia tu, dada."

Akafyonya. Sijawahi kusikia mtu akifyonya kwa dharau kama ile. Akaonyesha kwa kidevu yule mwanaume wa mbele, aliyekuwa akijitazama kwenye kioo cha pembeni.

"Ule naye alisema anaangalia tu. Akapenda rangi."

"Lina ubaya gani?"

"Kama iko baridi, iko muzuri. Ikipata moto kwenye mupando, inazima. Na konvwa haingojaka mutu."

Unakumbuka miaka ile? Magari ya kwenda juu milimani yalifuatana msafara mmoja, ndiyo konvwa, askari mbele, askari nyuma. Ukiharibikiwa njiani, wenzako wanakupita na macho wamefumba, wanakuachia wenye bunduki wa porini.

"Sasa mulifanya nini?" nikauliza.

"Nilisema tushuke tukimbie. Yeye akasema itawaka." Akafyonya tena. "Mpaka sasa anasemaka itawaka."

Nilishuka sijui vipi. Nikasimama uwanjani, na Garanti akaniambia, "Mama, waambie basi jamaa zako washuke, wasichafue siti."

"Jamaa zangu? Si watu wako?"

"Mi? Mi niko na watu wa nini? Nilifikiri ni familia yenu, nimeona wanajua kufungua ule mulango."

Tukageuka wote watatu. Viti vilikuwa vitupu.

"Wameshukia upande wa pili," akasema Sadiki. Upande wa pili kulikuwa na ukuta wa ghala, na kati ya ukuta na mlango hapakupita hata paka. Nikamwonyesha. Nikamweleza, kwa utaratibu, kama unavyomweleza mtoto, kila neno nililoambiwa. Akanitazama kwa huruma.

"Shemeji, jua limekupiga. Sikiza, mi nalipa kesho."

Nifanye nini? Kama ningelia, angesema wanawake. Nikamwambia jambo moja tu: tupande nalo Kiriri kwanza, ule mlima wa juu ya mji, kabla ya saa ya amri ya kutotoka nje. Petroli natoa mimi. Garanti akaanza kuzungukazunguka, oh shefu, gari ya wenyewe, oh njia haina usalama. Nilimtazama viatu vyake vyeupe mpaka akanyamaza. Akabaki na kitambulisho cha Sadiki kama rehani, na hakutaka kupanda nasi.

Ndiyo, niliingia tena. Usidhani ni ushujaa. Nilikuwa naogopa toroli kuliko nilivyoogopa wafu. Kiti cha mbele sikukitaka. Nikakaa nyuma ya dereva.

Mjini kati lilikwenda kama siagi. Sadiki akaweka kiwiko dirishani ili aonekane. Tukaanza kupanda. Kona ya kwanza, safi. Ya pili, nikasikia injini inakohoa. Ya tatu, katikati ya mlima, penye majani marefu pande zote na hakuna nyumba, gari likazima.

Sadiki akazungusha ufunguo. Hakuna. Akazungusha tena.

"Itawaka," akasema.

Na kutoka kiti cha mbele kisichokuwa na mtu, sauti ya mwanaume mwingine ikasema, "Itawaka."

Nilimwona Sadiki shingo yake inavyokakamaa. Alisikia. Aape atakavyo leo, alisikia. Halafu kitasa kile kibovu, pembeni yangu, kikavutwa juu. Mlango ukapigwa na bega nisiloliona, ukafunguka wote. Nikasikia miguu kwenye changarawe, miguu ya watu watatu wanaokimbia, na majani ya kando ya njia yakalala, yakafungua njia nyembamba kuteremka bondeni, mpaka chini kabisa. Kikapu kikaanguka mahali. Nilisikia, ingawa sikukiona. Kisha hakuna tena.

Sauti ya mbele ikarudia, "Itawaka sasa hivi."

Wanaume wawili, mmoja hai na mmoja mfu, wamekaa bega kwa bega wakingoja gari bovu liwake! Nilikuwa na hofu, ndiyo, lakini juu ya hofu kulikuja kitu kingine, nami sioni haya kukitaja: niliwadharau. Mfu nilimdharau zaidi, kwa sababu huyo alikuwa amekwisha kupata jibu.

Nikashuka kwa mlango ule ule waliopita wao. Nikamwita Sadiki jina lake, si shemeji, jina lake kama anavyoitwa na mama yake. Akatoka mbio akaacha na ufunguo. Tuliteremka kwa miguu hadi mjini. Garanti alikwenda kulichukua mwenyewe baadaye, na nasikia lilipopoa liliwaka mara moja. Bila shaka. Kama liko baridi, liko zuri.

Tulinunua jingine kwa mzee mmoja wa Ruziba aliyekuwa akibebea samaki. Baya la kutazama, rangi ya ganda la kiazi, linanuka ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, mpaka leo ukilikumbuka. Lakini tulilipandisha Kiriri likiwa la moto, tukalizima kwa makusudi mlimani, tukaliwasha, likawaka, tena, likawaka. Sadiki alisema hawezi kuonekana ndani ya takataka ile. Siku risasi ziliporudi, nilimlaza mama mkwe wangu nyuma, watoto wakamzunguka, na nilipogeuka kumtafuta Sadiki, alikuwa amekwisha kukaa mbele, amefunga mlango.

Na lile la bluu? Garanti alilipata mteja, bwana mmoja wa ofisini mwenye tai. Nilikwenda kumwonya; alinicheka getini kwake, akauliza kama na injini nayo ina jini. Basi nikamwacha. Lakini mkewe nilimkuta sokoni Jabe, akichagua maharage, nikamweleza yote. Hakucheka. Aliuliza tu watoto wa yule mwanamke walikuwa wakubwa kiasi gani. Nikamwonyesha kwa mkono.

Vita vilipofika mtaani kwao, bwana alipakia gari. Mke akashika watoto wake wawili, akasema yeye anatembea. Bwana akamtukana mbele ya majirani, akamwita mwenda wazimu, akapiga honi. Mama yule hakugeuka. Alifika kwetu siku iliyofuata, miguu imevimba, watoto wazima. Tukawa marafiki. Mumewe alielekea mlimani peke yake, na hakuonekana tena. Gari walilikuta njiani, milango yote imefungwa isipokuwa ule wa nyuma.

Mimi tangu hapo mkono huu wa kushoto hupoa kila gari linapopanda mlima, hata jua liwe kali vipi. Siwezi kukaa kwenye gari na mtu kabla sijamgusa bega. Watu huona ninawapenda sana.

Basi nawe ukienda kununua, usikate tamaa. Gari zuri lipo, hata kwa mfuko mdogo. Pakia watu unaowajua kwa majina. Lipandishe mlima likiwa la moto. Akija usiyemjua akakaa, msalimie kwanza, umtazame akijibu. Na likizima, na mtu aliye mbele yako akakwambia litawaka, shika watoto wako ushuke.