Pumzi ya Bahati

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa mke mchanga bado, siku ambayo sikuweza kukaa chini hata kidogo. Nilikuwa nimetoka kwetu Kirolirwe, kwenye ng'ombe, nikaolewa na Bahati, mwindaji wa Buleusa ambaye sasa alitoboa mawe kwenye mgodi wa bati huko Walikale. Mrefu, kifua kama ngoma. Lakini kikohozi hakikumwacha, na tulipopanda kutoka mtoni nilimsikia akihema nyuma yangu, yeye aliyezoea kukimbiza nguruwe wa msitu.

Siku hiyo watoboaji walipimwa pumzi kwenye dispansari. Mimi na mama mkwe tulingoja mlangoni. Nikaketi, nikasimama, nikachungulia. Ndani niliona kopo kubwa la bati limefudikizwa ndani ya maji. Mtu akipuliza kwenye bomba la mpira, kopo lilipanda na mshale ukaonyesha lita.

Bahati akapuliza. Kopo likapanda kidogo, likasimama.

"Hii mashine iko mubaya," akasema. "Muntu kama mimi?"

Muuguzi, Papa Andrea, mfupi na mwembamba, hakubishana. Alipuliza mwenyewe, kopo likapanda karibu maradufu. Akamrudishia bomba.

"Vuta yote, kaka. Sasa toa, toa, usiache!"

Bahati akapuliza tena na tena, mishipa ya shingo imemtoka. Kopo lilisimama palepale.

"Sikia," Papa Andrea akasema. "Pumuzi yako ya kawaida iko nusu lita. Ile unaongeza ukivuta sana, lita moja. Ile unatoa tena ukisukuma mpaka mwisho, nusu. Pamoja, lita mbili. Muntu murefu kama wewe angetoa lita ine. Kuna ingine inabaki ndani, lakini hiyo hata mimi siwezi kuitoa, mashine haiioni."

"Njo kusema nini?"

"Njo kusema uko na nusu. Vumbi ya mawe imekula ingine. Acha kutoboa."

King'ora cha kazi kikalia. Bahati akatoka mbio kuelekea mgodini, akisema wenzake watamcheka akiacha kazi. Nikamfuata, nikamshika mkono, nikauachia. Mama mkwe akamkingia njia.

"Bahati, njo mimi nilisikia pumuzi yako ya kwanza. Unataka nisikie na ya mwisho?"

Akasimama. Halafu akaketi juu ya gogo, akajifunika uso.

Tulihamia Kibua, tukalima. Pumzi iliyopotea haikurudi, usidanganyike. Kila mlima alipumzika katikati, jembe begani. Lakini aliwafundisha wanetu kutega wanyama. Rafiki yake mmoja alikataa kupimwa, akisema kifua chake anakijua, akaendelea kutoboa. Tulimzika kabla mtoto wetu wa kwanza hajatembea. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mpaka leo, mtu akikohoa nyumbani humu, mimi huinuka nikazungukazunguka.

Kwa hiyo, mwanangu, usiuamini mwili kwa kuutazama tu. Ukiambiwa umepungua, usigombane na anayekupima. Uliza amehesabuje, omba upimwe tena, na jibu likija lilelile, likubali. Kazi ikikula, iache ingali imekubakizia kitu. Na mwenye kukupenda akikukingia njia, simama.

Mungu akupe kifua kizima, watoto wa kukuita, na sauti ya kuwaitikia mpaka uzeeni.