Kutu ya Msalaba wa Baba

Kazi yangu ni kupambana na kutu. Natengeneza tabaka jembamba la polima la kupaka kwenye chuma, ili maji na hewa visikifikie. Nikieleza hivyo harusini, watu huniuliza kama nauza rangi. Zamani nilikuwa nakasirika. Siku hizi nawaambia ndiyo, na wananiagiza ya geti.

Baba amezikwa nyumbani Nkoaranga, migombani, karibu na jiko la mama. Msalaba wake ni wa chuma, na kule mlimani mvua na ukungu haviuachi upumue. Kila mwaka kabla ya Krismasi sisi watoto tulikuwa tunaupiga msasa na kuupaka rangi ya silva: kaka anatoka Dar, dada anatoka Mwanza, na mimi wa hapa hapa karibu, Njiro. Kaka analalamikia kiuno, dada anamwambia anapaka kama anayepaka siagi kwenye mkate. Mama anashika kopo, anacheka mpaka anajifuta machozi kwa kanga.

Mwaka juzi nikatangulia peke yangu na rangi yangu bora kuliko zote. Nilikuwa najivuna, kusema kweli. Nilitaka baba awe wa kwanza kuifaidi. Nilikuwa nimemaliza nguzo, bado mikono ya msalaba, mama alipokuja.

"Mama, huu haushiki kutu tena. Miaka na miaka."

Aliigusa ile nguzo kwa kidole.

"Asante, mwanangu. Kwa hiyo hamtakuja tena?"

"Jamani mama, tutakuja!"

"Wewe utakuja. Kaka yako mkewe ana kwao. Kila Krismasi anamwambia, lazima niende, kuna msalaba wa baba. Sasa atamwambia nini?"

Nilikuwa nimefikiria chuma, sikumfikiria mama. Nikachukua mfuniko nikafunga kopo.

"Mikono naiacha hivi hivi," nilimwambia. "Hata kazini, tukijaribu rangi mpya, lazima tuache kipande kimoja bila kupaka, cha kulinganishia."

"Na hicho kinashika kutu?"

"Vizuri sana, mama."

Alicheka, akaenda kuniwekea ndizi motoni.

Mwaka jana, Krismasi ikikaribia, akanipigia simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mkono mmoja umeanza kushika kutu. Nimeshamwambia kaka yako kwamba hali ni mbaya sana, lakini anasema mpaka mtaalamu athibitishe."

Nilipanda Nkoaranga Jumamosi ile ile. Mama alinipeleka migombani, akanionyesha kidoa kidogo kama punje ya pilipili manga. Rangi ya silva alikuwa ameshainunua, na msasa pia, wa watu watatu.

Nikampigia kaka pale pale, mama akiwa amenishika mkono.

"Kaka, nimeuona kwa macho yangu," nikamwambia. "Hali ni mbaya. Njoo."