Mama Pasi na Vikombe Vitatu

Alizaliwa tarehe nane Agosti katika chumba cha nyuma cha duka la dobi, mtoto wa tatu wa mpiga pasi, na waumini wote walimjua kwa jina la Mama Pasi. Wanaodai alizaliwa amekunja mikono kama anayesali tuwaache na habari yao; mkunga hakuitaja. Tunachojua ni kwamba alirithi kazi ya baba yake, na alipofikisha miaka arobaini na moja figo zake ziligoma. Akawa anasafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki, na daktari akamruhusu vikombe vitatu vya maji kwa siku, basi.

Hapo jaribu likaanza. Kila alipopanda mizani hospitalini uzito ulikuwa umezidi, na nesi akamwonya kwamba uzito huo ni maji, nayo yatamjaa kifuani na kumuua. Mama Pasi akaapa mbele ya padri kwamba hazidishi. Wifi yake, mwanamke ambaye hata saa ya ukutani hakuiamini, alikagua mitungi, akanusa vikombe, akachungulia chini ya kitanda. Hakupata kitu. Ndipo akabeba kigoda, akakaa dukani asubuhi nzima kumtazama akifanya kazi.

Mama Pasi alinyunyizia nguo maji kwa mdomo, kama alivyofundishwa na baba yake: funda moja, shati moja. Wifi akahesabu mashati thelathini, na koo la mpiga pasi likicheza kila mara.

"Wifi yangu, shati linakunywa na wewe unakunywa," akasema kutoka kigodani.

Mama Pasi angeweza kusema ni mazoea tu. Lakini alikumbuka kwamba siku za joto mafunda yalikuwa makubwa zaidi, akaogopa: kiu ilikuwa imejificha ndani ya kazi halali, ikamwacha aape kwa moyo mweupe.

"Kuanzia leo usiniamini," alisema. "Nichunge."

"Kwani nilishawahi kukuamini?"

Akanunua chupa ya kunyunyizia, na kikombe akamkabidhi wifi. Aliishi miaka kumi na moja zaidi, akafariki Jumanne, tarehe tatu Machi, uzito wake ukiwa sawasawa. Wapo wanaosema pasi yake hutoa mvuke bila maji, nimeitazama, haitoi. Ajabu ninayoikubali ni moja: padri alipomuuliza wifi kama marehemu alimdanganya hata mara moja katika miaka hiyo, alifikiri sana, akasema hapana, kisha akalia.

Tumwige basi, tukianza kwa kuichunga ahadi tunayoiamini upesi kuliko zote: ile tunayojipa wenyewe.